Saa Ngapi Zatosha?

(Mazungumzo ya redioni, katika ibada ya asubuhi)

Sisi tunaozungumza nanyi asubuhi hii ni mume na mke, na haya tutakayosema yalitupata katika nyumba yetu wenyewe. Tumepatana kwamba mmoja wetu atasoma na mwingine atasikiliza. Kwa hiyo mkisikia mtu akikohoa katikati ya maneno, jueni kwamba kuna jambo limerukwa, na mwenye kukohoa anataka lisemwe.

Leo twataka kusema juu ya mzazi anayemfundisha mtoto mdogo nyumbani. Wazazi wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani. Huyu mtoto wake amekuwa mgonjwa na hawezi kwenda shule kwa muda. Yule anakaa mbali, na mtoto bado ni mdogo mno kuvuka mto peke yake. Mwingine anataka tu mtoto azijue herufi kabla ya kuingia darasani. Nao wote huuliza swali moja: Tuanze saa ngapi, tumalize saa ngapi, na siku yetu tuipange namna gani?

Sisi tuliuliza swali hilo mwaka wa 2020. Mtakumbuka kwamba Jumapili tarehe 15 Machi mwaka ule serikali ilitangaza kwamba shule zifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mwana wetu alikuwa na miaka sita, naye alikuwa amekaa Gredi ya kwanza majuma kumi hivi. Alijua herufi nyingi, lakini kuziunganisha kuwa maneno kulikuwa bado kunamshinda. Tulifikiri atakaa nyumbani mwezi mmoja tu. Kumbe alikaa mpaka tarehe 4 Januari 2021.

Sasa lazima tuwaambie kwamba baba wa nyumba hii ni mwalimu. Amefundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi miaka kumi na minne. Shule yake ya kibinafsi ilipofungwa, mshahara nao ulisimama. Mama wa nyumba hii ni fundi wa kushona, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni. Miezi ile watu walitaka barakoa, na barakoa hizo ndizo zilizotulisha. Basi fikirini: nyumba ya vyumba viwili, baba asiye na kazi, mama mwenye kazi nyingi kupita kiasi, na mtoto mmoja wa miaka sita katikati yao.

Majirani walisema, "Ninyi mna bahati. Mwalimu yuko ndani ya nyumba." Nasi tulifikiri hivyo. Tulisahau kwamba wazee walisema mganga hajigangi.

Siku ya Jumatatu baba alichukua karatasi ngumu na rula, akachora ratiba nzuri sana. Vipindi saba kwa siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kila kipindi na rangi yake. Kengele yetu ilikuwa kijiko na sufuria. Siku ya kwanza mtoto alifurahi kupiga kengele. Siku ya pili aliomba ruhusa ya kwenda haja katika kila kipindi. Siku ya tatu alilala juu ya kitabu cha hesabu. Siku ya nne mteja alikuja kupimwa gauni wakati wa kusoma, watoto wa jirani wakaita dirishani, na mtoto akasoma "kata" mahali palipoandikwa "kaka" mara tano mfululizo. Baba akapaza sauti. Kisha rula ile ile iliyochora ratiba ikatua mkononi mwa mtoto.

Mama naye hakuwa na afadhali. Alikuwa akifundisha kwa mdomo huku mguu uko kwenye cherehani. Mtoto akija kuuliza neno, alijibiwa, "Ngoja nimalize mshono huu." Na mshono huo haukuisha.

Tukaona ratiba imeshindwa, tukaitupa. Tukasema, "Tutamfundisha tupatapo nafasi." Wapenzi, tumejifunza kwamba nafasi haipatikani, nafasi hutengwa. Majuma matatu yalipita na kitabu hakikufunguliwa. Tulijaribu pia masomo ambayo taasisi ya mitaala, KICD, iliyatangaza kupitia redio ya KBC. Yalikuwa masomo mazuri, nasi tunashukuru kwa ajili yake. Lakini redio haimngojei mtoto wa miaka sita. Akikwama kwenye neno moja, mwalimu wa redioni ameshafika la kumi, kama sisi tulivyo sasa hivi, hatuwezi kukuona wewe unayetusikiliza.

Basi hofu ikatuingia. Tukarudi kwenye ile karatasi ya vipindi saba, na safari hii kwa ukali zaidi.

Jioni moja mwezi wa Mei tulikuwa katika maombi ya jamaa. Ni desturi yetu mtoto aombe mwisho, maombi mafupi. Kwa kawaida huwaombea nyanya yake na kuku. Jioni ile aliomba hivi: "Mungu, fungua shule upesi, ili baba awe baba tena."

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa amefumba macho na mikono ameikunja. Alikuwa akimweleza Mungu shida yake. Baba hakuweza kusema Amina. Mama ndiye aliyesema.

Ndugu msikilizaji, usiku ule tulikaa mpaka saa sita. Mwanzoni tulilaumiana. Baba alisema kelele za cherehani ndizo zinazomsumbua mtoto, naye mama akamwambia kwamba cherehani haijampiga mtoto rula. Baada ya hapo tulinyamaza kwa muda mrefu. Tulipoanza kusema tena tuliona jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Tulikuwa tunaogopa kwamba mwana wetu atakosa masomo ya mwaka mmoja, na kwa hofu hiyo tulikuwa karibu kumkosa mtoto mwenyewe. Mwaka wa masomo waweza kurudiwa. Lakini moyo wa mtoto ukishajifunza kuogopa sauti ya baba yake, nani atautafutia Gredi ya kwanza nyingine?

Asubuhi, kabla ya chai, tulimwita tukamwomba msamaha. Baba alimwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Nilikupiga kwa sababu ya woga wangu mimi, si kwa sababu ya kosa lako." Mama naye akasema lake. Jirani mmoja aliposikia alituambia kwamba tunamharibu mtoto, kwa maana mzazi hamwombi mtoto radhi. Sisi twasema, yule anayemfundisha mtoto kuungama dhambi kila jioni, na asiungame ya kwake, anafundisha somo ambalo hajalisoma.

Mtoto alitusikiliza, kisha akauliza, "Leo kengele ipo?" Tukamwambia haipo.

Lakini kumwomba mtoto msamaha hakumfundishi kusoma. Bado tulihitaji mpango. Hapo ndipo tulipomkumbuka mama mmoja ambaye Wakristo wengi wanamjua kwa ajili ya wanawe. Huyo ni Susanna Wesley wa Uingereza, mama wa John na Charles Wesley. Alizaa watoto kumi na tisa, na kumi ndio waliokua wakawa watu wazima. Aliwafundisha mwenyewe nyumbani, pale Epworth. Mwaka wa 1732 alimwandikia mwanawe John barua ya kumweleza jinsi alivyofanya. Mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano. Siku moja kabla, nyumba ilipangwa na kila mtu akapewa kazi yake, ili mtu yeyote asiingie chumba cha masomo kuanzia saa tatu hadi saa sita, na tena saa nane hadi saa kumi na moja. Siku ya kwanza mtoto alijifunza herufi zote. Wawili tu, Molly na Nancy, walichukua siku moja na nusu.

Tuliposoma hayo mara ya kwanza tulikata tamaa kabisa. Saa sita kwa siku! Na herufi zote kwa siku moja! Lakini tuliposoma kwa utulivu tuliona mambo mengine matatu, nayo ndiyo yaliyotufaa.

Jambo la kwanza: mama huyu aliipanga nyumba kabla ya kumpanga mtoto. Alikuwa na watumishi, sisi hatuna. Lakini hata asiye na watumishi aweza kufunga mlango kwa muda mfupi. Sisi tulikuwa tumemwandikia mtoto ratiba, lakini wateja, cherehani na simu hatukuwa tumeviandikia kitu.

Jambo la pili: mwaka wa 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu mbalimbali, na huko wakapoteza adabu na mazoea mema waliyokuwa nayo. Walipokusanyika tena, mama alilazimika kuanza upya, akaweka desturi ya kuimba zaburi masomo yanapoanza na yanapokwisha. Yaani hata mpango wa Susanna Wesley ulivunjika. Tofauti ni kwamba ulipovunjika hakukaa akiomboleza, wala hakuendelea kana kwamba haukuvunjika. Alianza tena.

Jambo la tatu: alitenga wakati jioni kwa kila mtoto peke yake, kila mmoja na siku yake, akazungumza naye habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John. Mama mwenye kazi zote zile alipata wakati wa kumsikiliza mtoto mmoja. Nasi tulikuwa na mtoto mmoja tu, na hatukuwa tumemsikiliza mpaka alipomwambia Mungu.

Tukafungua pia Kumbukumbu la Torati, mlango wa sita. Musa anawaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu. Na wakati gani? Anataja kuketi nyumbani, anataja kwenda njiani, anataja wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Tulikuwa tumelisikia fungu hilo tangu utoto, lakini hatukuwahi kuona kwamba ndani yake mna ratiba. Tena ni ratiba isiyohitaji kengele. Musa hakuwaongezea Waisraeli saa mpya. Alichukua mambo ambayo kila nyumba huyafanya kila siku, akayafungia mafundisho humo, kama mtu anavyomfunga mbuzi kwenye mti uliokwisha kuota.

Basi tukaanza tena. Tuliuliza, "Katika nyumba yetu, ni mambo gani yanayotokea kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe?" Tukapata haya: chai ya asubuhi, kulisha kuku, uji wa saa nne, chakula cha mchana, na kulala. Tukayafungia masomo hapo.

Baada ya chai tulisoma habari fupi ya Biblia na kuimba ubeti mmoja. Kisha, meza ikiwa imefutwa, mtoto alisoma na baba dakika kumi na tano, hazikuzidi. Silabi kwanza, halafu maneno, halafu sentensi mbili. Tulianza na kusoma kwa sababu ndilo somo lililokuwa gumu kwake, na akili ya mtoto ni nyepesi asubuhi. Dakika hizo cherehani ilinyamaza. Mama alipigia mstari jambo hilo kwa wateja wake: kabla ya saa tatu na nusu hakuna kupima nguo. Hakuna mteja hata mmoja aliyetuacha kwa ajili hiyo.

Kisha mtoto alitoka kwenda kuwalisha kuku na kukimbia. Aliporudi ilikuwa zamu ya mama, hesabu. Hapo cherehani, tuliyoilaumu, ikawa msaada. Mtoto alihesabu vifungo. Alivipanga kumi kumi, akatoa, akajumlisha. Alipima meza kwa utepe wa kupimia nguo. Dakika ishirini hivi, kisha uji. Baada ya uji aliandika dakika kumi: jina lake, mistari miwili, na sentensi moja aliyoichagua mwenyewe. Hapo masomo ya vitabu yalikwisha. Mchana alicheza, akasaidia kazi za nyumbani, akalala kidogo. Jioni, kabla ya kulala, mmoja wetu alimsomea hadithi, naye akairudia kwa maneno yake.

Ukijumlisha yote hayo, haifiki saa mbili kwa siku. Labda utasema, "Hiyo ni kidogo mno." Sisi pia tulisema hivyo. Lakini fikiri. Hata shuleni kipindi cha watoto wa madarasa ya chini ni dakika thelathini, na mwalimu ana watoto arobaini au zaidi. Lazima awanyamazishe, agawe vitabu, asahihishe, amngoje aliye nyuma. Nyumbani mtoto ni mmoja. Kila dakika ni yake. Dakika kumi na tano za kusoma huku mzazi ameketi kando yako ni nyingi sana. Baba, aliyezoea darasa zima, alikiri kwamba hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote dakika kumi na tano peke yake.

Sasa, ndugu msikilizaji, hatutaki uichukue ratiba yetu kama ilivyo. Hilo ndilo kosa tulilolifanya sisi, kuchukua ratiba ya shule na kuivika nyumba, kama nguo iliyopimwa mwili wa mtu mwingine. Chukua tu mambo haya machache, ukashone yako.

Kwanza, tazama nyumba yako inavyokwenda. Kama wewe wauza mboga na asubuhi uko sokoni, usijilaumu kwa kukosa saa tatu asubuhi. Labda saa yako ni jioni, huku sufuria iko jikoni. Mtoto aweza kusoma kwa sauti huku wewe wachambua mboga.

Pili, yawe mafupi, lakini yawe ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Saa nzima Jumamosi haiwezi kufanya kazi ya dakika kumi za kila siku. Acha kabla mtoto hajachoka, ili kesho aje kwa hamu.

Tatu, kila somo gumu lifuatwe na kazi ya mwili. Mtoto wa miaka sita akitikisika kitini si mkaidi. Mungu alimwumba akue, na kukua kunatikisika.

Nne, siku ikivunjika, usiilipe kesho. Kutakuwa na siku za homa, za msiba, za mvua iliyoingia ndani. Kama jana hamkusoma, leo msisome mara mbili, someni ya leo. Sisi tulipojaribu kulipa madeni ya siku zilizopita, ndipo tulipomchosha mtoto na kujichosha wenyewe.

Tano, kila mwisho wa juma kaeni pamoja mwulizane: ni nini kimekwenda vizuri, na ni nini kibadilishwe? Nasi tulimwuliza mtoto pia. Ndiye aliyetuambia kwamba hupenda kuandika akiwa amelala kifudifudi mkekani. Tukamruhusu, na mwandiko wake ukatengenea. Bwana wetu aliwakumbusha watu wa zamani zake kwamba hata Sabato iliwekwa ili imfae mwanadamu. Kama siku ya Mungu mwenyewe iliwekwa kwa faida yetu, je, karatasi iliyochorwa kwa rula ni kitu gani hata mtoto atolewe sadaka kwa ajili yake?

Na sita, mwombe Mungu uvumilivu. Inasimuliwa kwamba siku moja mume wa Susanna Wesley alimshangaa kwa kumrudia mtoto mmoja jambo lile lile mara ishirini. Yeye alijibu kwamba kama angeliachia mara ya kumi na tisa, kazi yake yote ingalipotea bure. Sisi tuliishia mara ya tano, mkumbuke, pale penye "kaka" na "kata".

Huenda mtapenda kujua mambo yaliishia wapi. Shule zilipofunguliwa, mwana wetu alirudi akiwa anasoma, lakini pole pole, akifuata kwa kidole. Katika hesabu alikuwa mbele kidogo, kwa ajili ya vifungo. Kuandika alikuwa nyuma ya wenzake wengine. Hatukumfanya mtoto wa ajabu. Lakini siku ile ya kwanza ya shule, alipokuwa amevaa sare iliyokuwa imeshamkaa fupi, alimwuliza baba yake, "Jioni tutasoma hadithi?" Baba akasema, "Tutasoma." Alikuwa ameanza kazi tena asubuhi ile ile, lakini jioni alisoma. Mtoto yule sasa ni mkubwa, ajisomea mwenyewe, na hadithi siku hizi ni yeye anayewasomea wadogo wa jirani. Maombi yake ya mwezi ule wa Mei Mungu aliyajibu kabla ya kufungua shule.

Labda wewe unayetusikiliza una mtoto ambaye asubuhi hii amekificha kitabu chake, au anajifanya ana maumivu ya tumbo. Usianze na kiboko. Usianze hata na ratiba. Anza kwa kuketi naye na kumwuliza, kisha unyamaze usikie.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe unatufundisha sisi sote, nasi ni wanafunzi wazito. Unaturudia neno lile lile kila siku, wala hujachoka nasi. Wape wazazi wote wanaofundisha nyumbani leo subira yako. Uwape saa zinazotosha, na hekima ya kuzitumia. Uwalinde watoto wasije wakakuogopa wewe kwa sababu ya ukali wetu sisi. Na mahali tulipowaumiza, utupe unyenyekevu wa kuwaomba radhi, maadamu bado wako nyumbani mwetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kwaherini, wapenzi, mpaka tutakapokutana tena. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.